Maziwa ya Jirani

Kwenye basi la kwenda Lindi, mbele yangu alikaa Mboni, mkulima wa Kinjumbi, amepakata watoto wawili wa kiume. Jirani yake kitini alikuwa mwalimu wa chekechea. Nilijifanya nimelala ili nisikie vizuri.

"Bwana ustawi wa jamii kamkataza jirani yangu Kijakazi kupokea watoto wetu mchana mpaka asajiliwe," Mboni alilalamika. "Tukienda shamba tuwaache wapi?"

"Sheria ina maana yake, dada. Mtoto akiungua huko, utamuuliza nani?"

Mboni aliwaweka watoto vizuri mapajani. "Mwaka ule mafuriko yalipokata barabara, nilikwama Lindi siku nyingi. Wangu alikuwa mchanga, hajui hata uji, nimemwacha kwa Kijakazi. Nililia, nikajua narudi kumzika. Nilipofika nikamkuta amenenepa! Kijakazi alikuwa akimnyonyesha pamoja na wake, mmoja huku, mmoja huku. Ndio hawa wawili."

"Subhanallah," mwalimu alinong'ona. Aliwatazama wale watoto kwa muda mrefu. "Kumbe hawa ni ndugu wa kunyonya."

"Ndugu kabisa. Kijakazi kalazwa hospitali Lindi, nawapeleka wakamwone mama yao."

"Lakini bado asajiliwe, dada."

"Asajiliwe. Ila wasimfungie mlango kwanza."

"Na uzio je? Na choo cha watoto?"

Hapo basi likasimama stendi. Mwalimu akainuka, akambeba mtoto mmoja kumsaidia kushuka. Hakuuliza ni yupi wa nani.