Bakuli la Povu

Shikamooni wazazi wangu, na nyie wenzangu poleni na jua. Wengi mnanijua mie fundi wa majiko ya gesi hapa Tegeta. Nilikuwaga naingia jikoni kwa mtu, nanusa mara moja, nasema mtungi unavuja hapa. Mama yule pale anacheka, anakumbuka. Pua ilinipa jina, na jina likanipa kiburi.

Basi chuo kikuu kikatafuta mafundi wa mtaani. Walimu wale wanatumia umeme wa jua kutoa gesi ya hidrojeni kwenye maji, gesi inayoungua bila moshi, na walitaka watu wa kuifungia mabomba. Nikachaguliwa. Nyumbani Madale mke wangu alinipigia pasi shati kama naenda kuoa.

Siku ya kwanza tuliambiwa: hidrojeni haina harufu, na moto wake mchana hauonekani. Kila kiungo cha bomba kipakwe povu la sabuni, ukiona mapovu yanavimba, kinavuja. Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia kwa masikio tu. Wiki ya tatu nikakaza kiungo, nikainama, nikanusa. Nikasema kiko safi.

Tukafungulia gesi, tukawasha. Mwenzangu, dada mmoja wa Pugu, akapitisha mkono karibu na kiungo kile. Hatukuona kitu. Tulisikia tu akivuta pumzi, na ngozi ya mkono wake ikawa imeungua.

Gesi ilipofungwa, mwalimu akauliza, "Hiki kilipakwa povu?"

Nikasema, "Nilipaka."

Toka siku ile nikaacha kwenda chuoni. Nyumbani nikadanganya kwamba mafunzo yamesimama. Nilikuwa nakaa uani natazama spana zangu, naona aibu hata kuzishika.

Jumamosi moja yule dada akaja, mkono una bandeji, ameshika mfuko wa sabuni ya unga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikajibu, macho chini.

"Siku ile bakuli la povu nilikuwa nalo mie. Hukuligusa."

"Mbona hukusema?"

"Nilikusubiri useme mwenyewe. Nimechoka kusubiri, ndiyo nimekuja. Jumatatu tunapimwa kufunga viungo, na mie mkono mmoja haukazi nati. Twende wote."

Nililia, ndugu zangu. Mke wangu akatoka ndani akidhani kuna msiba, na nikamweleza yote palepale.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa nikasema, sikupaka, na nilidanganya. Mwalimu hakunifokea. Alinirudisha kwenye somo la kwanza, pamoja na walio wadogo kwangu kwa umri, nikaanza upya. Leo nawasaidia walimu kufundisha wanaoanza, na kabla ya spana nampa kila mmoja bakuli.

Namshukuru mwalimu aliyenipa nafasi ya pili. Namshukuru mke wangu, aliyenuna siku mbili, kisha akapiga tena pasi shati. Nawaomba kitu kimoja: ukikosea, sema mapema, maana anayeumia anaweza kuwa anakusubiri.

Na wewe dada, umekaa nyuma pale unaficha mkono kwenye mtandio. Jina lako silitaji. Mbele ya watu hawa wote nasema nisamehe. Ile sabuni uliyoniletea imeisha, na Jumatatu hii darasani bakuli nitalishika mie.