Asubuhi Nilipodai Simu Imeshika Congo

Imana ishimwe, ndugu zangu! Asifiwe Yule ambaye tangu tumjue hajawahi kutuambia hapatikani!

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye Mama Debora wa kwaya, yule wa sauti ya pili anayewagombeza wanaochelewa mazoezini. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, nikarudi nyumbani Rwanda nikiwa msichana, na Kiswahili changu mnakicheka mpaka leo kwamba ni cha redioni. Chekeni tu. Leo sikuja kuimba wala kugombeza mtu. Nimekuja kuvua nguo yangu chafu mbele yenu, maana Mungu ameniokoa na uongo, na uongo wenyewe nyote hapa mnaujua kwa jina.

Mnajua sisi wa Gisenyi tunavyoishi na simu. Ukikaa chumbani simu imeshika mtandao wa Rwanda, ukitoka uani imeshika Congo. Ukitembea karibu na mpaka, pale Grande Barrière, simu inakukaribisha Goma hata hujavuka. Ni shida ya kweli kabisa. Lakini ndugu zangu, tumeifanya shida hii mwamvuli! Mtu hataki kupokea simu ya mkwewe, anasema simu ilishika Congo. Mtu amechelewa kazini, simu ilishika Congo. Na katika wote hao, mimi nilikuwa fundi mkuu.

Nilikuwa nasimamia nyumba tano za wageni za Madamu Konsolata, ambaye yeye anaishi Kigali. Moja iko hapa ufukweni, moja Rugerero, mbili ziko juu kwenye mashamba ya chai, na ya tano iko mbali, kwenye ncha ya ziwa nyuma ya mlima, ambako unafika kwa boti, mwendo wa saa mbili, au kwa miguu na kuumiza magoti. Kazi yangu ilikuwa kuzizungukia zote kila juma. Ya tano nilikuwa siendi. Boti inanitapisha, nasema kweli. Basi Madamu akiniuliza, "Uko wapi?" namjibu niko nyumba ya tano, nakagua mashuka. Asiponipata, jioni namwambia simu ilishika Congo. Miezi mitatu mizima sikukanyaga kule, na kila Jumapili nilisimama hapa nikaimba!

Huko nyumba ya tano aliishi mlinzi wetu, Mzee Silasi, mvuvi wa zamani, mjane, mtu wa maneno machache. Kila siku saa moja asubuhi alipanda juu ya jiwe moja kubwa, mahali pekee simu iliposhika, akanipigia: "Mama Debora, nyumba iko, na mi niko." Kisha anakata. Siku zote maneno hayohayo. Mimi nilikuwa naitikia "haya" huku nimefumba macho kitandani.

Bon. Wageni wakaanza kulalamika. Unafika umelipia chumba, mlinzi hana habari kwa sababu simu haikuingia. Siku moja familia mbili zilikutana na masanduku yao mbele ya mlango mmoja, wakatazamana kama majogoo. Madamu akasema imetosha, nyumba zote tano zipate simu za mezani za kisasa, intaneti na antena, zote ziunganishwe pamoja. Akamleta fundi.

Ndugu zangu, fundi huyo ni yule dada aliyekaa kule nyuma, mwenye hijabu ya bluu. Anaitwa Zainabu, mtoto wa mtaa wa Mbugangari, nusu ya ukoo wao iko Goma. Ndiyo, ni Mwislamu! Mungu hakunitumia mchungaji, maana wachungaji nilikuwa nimeshawazoea. Alinitumia Zainabu.

Siku ya kwanza nilimdharau. Nilitegemea mwanaume mwenye gari na vijana wa kubeba. Akaja binti mwembamba kwa moto, hizi pikipiki za abiria, betri ya sola ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Nikasema moyoni, huyu naye! Yezu we, nisameheni. Sijawahi kuona mtu anayefanya kazi namna ile. Mafundi wengine wakifika wanauliza umeme uko wapi. Yeye alikuwa anamwuliza mlinzi, "Papa, ukitaka rezo unasimama wapi?" Rezo ndio mtandao, kwa sisi wa huku. Mlinzi anampeleka nyuma ya jiko, au chini ya mparachichi, na yeye anasimama palepale, anageuka polepole na kifaa chake mkononi, anaandika. Hakuna aliyewahi kuwauliza walinzi wetu jambo lolote. Walinyooka mgongo siku hiyo kama mabalozi!

Halafu nyaya. Walinzi wawili hawajui kusoma. Zainabu hakuwaaibisha. Alichana vipande vya kitenge, akafunga kila waya na rangi yake: wa umeme maua mekundu, wa antena ndege wa kijani, wa simu madoa ya njano. "Simu ikinyamaza, angalia kama madoa iko mahali yake." Basi. Akamfanya Mzee Silasi achomoe na kuchomeka mpaka akaweza akiwa amefumba macho. Haya ya Mzee Silasi nayasimulia kana kwamba niliyaona. Sikuyaona. Nyumba ya tano alikwenda peke yake, mimi nikabaki mjini nikimwambia Madamu tuko pamoja. Ni Mzee Silasi aliyenieleza baadaye jinsi alivyompeleka binti huyo kwenye lile jiwe lake, na Zainabu akacheka, akasema, "Papa, hili jiwe linakula rezo ya Goma. Antena itaipa Congo mgongo." Akaielekeza kwenye mnara wa upande wetu, juu ya mlima, na toka siku hiyo nyumba ya tano haikushika Congo tena.

Nyote mlifurahi kusikia hivyo? Mimi sikufurahi! Uongo wangu ulikuwa umefiwa na mzazi. Sasa Zainabu alikuwa na tableti yenye taa tano ndogo, kila nyumba taa yake, kijani maana yake rezo ipo, nyekundu maana yake imekatika. Zote zilikuwa kijani usiku na mchana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imebaki hatua mbili.

Ikafika ile asubuhi. Tulikuwa na tamasha la kwaya kesho yake, nami nilikuwa saluni Mbugangari tangu alfajiri nasukwa nywele. Saa moja ikapita, simu ya Mzee Silasi haikuingia. Sikutambua hata kidogo kwamba haikuingia. Saa mbili Madamu akanipigia, sikupokea, kwa sababu saluni ilikuwa na kelele na angejua. Akaandika: Silasi hapokei simu, kuna nini huko? Na mimi, ndugu zangu, mkono huu huu mnaouona, nikaandika: Niko naye hapa, tunakunywa chai, yote salama. Simu imeshika Congo, siwezi kupiga.

Madamu, ambaye hakuwa na ile tableti ya taa, akatulia. Nikampa msusi kichwa aendelee.

Haikufika nusu saa, Zainabu akaingia. Nyumba yao iko mtaa wa pili tu. Alikuwa anapiga nyumba ya tano tangu saa moja, kama alivyozoea kupima laini kila asubuhi, na alipomweleza Madamu wasiwasi wake, Madamu akamwambia asijali, Mama Debora yuko pale pamoja naye. Sasa anaingia saluni kununua vocha, ananikuta mimi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama!

Mwingine angepiga kelele. Yeye aliinama karibu na sikio langu, watu wasisikie, akanionyesha tableti. Taa ya tano ilikuwa kijani.

"Mama, rezo iko," akasema. "Ni mutu njo hayiko." Yaani mtu ndiye hayupo.

Nikamwambia mzee ameshuka ziwani, atarudi. Akatikisa kichwa. Mzee tangu apewe simu ile haendi mbali nayo. Nikasema basi nimalize kichwa tutafute boti. Akasema boti ni mwendo wa saa mbili, lakini wavuvi wana kambi yao chini ya nyumba ile, dakika kumi tu, na Madamu ndiye mwenye namba ya mkubwa wao. "Umuambie tu aite wavuvi."

Mmeelewa nilikuwa wapi? Nikimwambia Madamu aite wavuvi wakamwangalie Silasi, atauliza, si uko naye? Si mnakunywa chai? Nilitafuta uongo wa kufunika uongo. Labda niseme nimeondoka sasa hivi. Labda niseme mzee amepotea nikiwa jikoni. Nilizunguka humo dakika ishirini nzima, ndugu zangu, msusi anasuka, na mzee wa watu yuko chini anavuja damu. La kuvunda halina ubani.

Zainabu hakunihukumu. Aliketi kwenye benchi, akaendelea kupiga nyumba ya tano. Ikikatika, anapiga tena. Mwishoni akanitazama akasema, "Mama, mi naweza kumuambia Madamu. Lakini sitaki kukuuza. Sema we mwenyewe."

Neno lile lilinivunja. Nilisema moyoni, Bwana, nifungue kinywa hiki, maana kimefungwa tangu zamani! Nikachukua simu, nikapiga, na mbele ya wanawake wote wa saluni ile, wawili wao wako kwenye kwaya na wanaitikia kwa vichwa hapo, nikasema: "Madamu, nimekudanganya. Sipo nyumba ya tano. Niko saluni. Sijaenda huko miezi mitatu. Mzee Silasi hajulikani alipo, tafadhali waite wavuvi."

Madamu akasema, "Kata simu, niwapigie."

Tukakimbilia boti, mimi na Zainabu, kitambaa kichwani kuficha aibu yangu. Nilitapika njia nzima na nikamshukuru Mungu kwa kila nilichotapika. Tulipofika wavuvi walikuwa wameshamweka kwenye machela, wanasubiri boti yetu, maana mitumbwi yao ingemtikisa. Paja limevunjika, kichwa kimepasuka. Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa amepanda ngazi kuipangusa antena vumbi. Hakuna aliyemtuma! Aliipenda tu ile antena, akaona si vizuri iwe chafu. Ngazi ikateleza. Akalala nyuma ya tangi la maji usiku kucha mpaka asubuhi ile, mlango wa sebule wazi, simu mezani ndani.

Mle botini, tunampeleka hospitali, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Akasema, "Nilikuwa naisikia inalia. Inanyamaza, inalia tena. Macho yalitaka kufunga, nikayakatalia. Nilijua Mama Debora ananitafuta."

Ndugu zangu! Simu ile sikuipiga hata mara moja! Zainabu alikuwa ameinamisha kichwa pale karibu nami, angeweza kunisema lakini hakunisema, mambo yangeisha hivyo na mimi ningebaki mtu mwema. Shetani alinipa zawadi ile nikiwa nimeikingia mkono. Lakini Bwana alikuwa ameshaanza kazi saluni, na hakuiacha njiani. Nikasema, "Mzee, si mimi. Ni Zainabu aliyekuwa anapiga. Mimi nilisema tunakunywa chai na wewe."

Nilitamani anitukane. Akasema, "Bon. Basi kesho upige we."

Nalia, samahani. Daktari alisema angekaa pale mpaka mchana tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Alilazwa wiki nyingi, leo anatembea kwa mkongojo. Madamu aliniondoa kwenye nyumba nne. Sitawadanganya kwamba nilishangilia, nilikasirika siku tatu na sikula. Aliniachia moja tu, ya tano. Sasa naenda kila juma kwa boti, na ndimu mdomoni. Ule upande wa kichwa ambao haukusukwa niliimba nao hivyohivyo kwenye tamasha, na mlidhani ni mtindo.

Dada Zainabu, simama wakuone. Usione haya. Nyumba tano zinaongea kwa mikono yako. Lakini mimi sikushukuru kwa antena peke yake. Nakushukuru kwa sababu ulipiga wakati hakuna anayepokea, ukapiga tena. Imana iguhe umugisha, Mungu akubariki.

Na wewe uliyekaa hapa, una simu mfukoni, kuna mtu unamkimbia kwa jina la Congo. Congo haina kosa! Mwambie ulipo. Hata kama ulipo ni aibu, hata kama kichwa chako ni nusu. Bwana naye anakuuliza kila siku uko wapi, na si kwamba hajui.

Kila saa moja asubuhi sasa ni mimi ninayepiga nyumba ya tano. Leo pia nimepiga, nikiwa hapo nje. Mzee Silasi akapokea, "Nyumba iko, na mi niko. Na we Mama, uko wapi?"

Nikamwambia, "Niko mlangoni mwa kanisa, Mzee. Naogopa kuingia kuyasema."

Akasema, "Ingia. Mi nakungoja hapa kwa simu."

Simu ndiyo hii hapa, ndugu zangu, kwenye mimbari. Bado haijakatwa.