Mzee Ndahani na Uzito Usiokuwa wa Dawa

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Nathanaeli Ndahani atafunga mlango wa nyumba ya wanyama ya kituo chetu kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na karibu miezi mitatu kazini, na miaka sitini ya umri. Wakurugenzi sita wamekuja na kuondoka, majengo yameongezeka kutoka mawili hadi tisa, jiji limetufuata hapa Ipagala likatuzunguka pande zote, na yeye yupo tu, na koti lake la bluu na kalamu juu ya sikio. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Frida Kokushubira wa kitengo cha uvimbe, niandike habari zake kwa kurasa mbili. Nimewaambia nitajaribu.

Hakuingia hapa kwa barua ya maombi. Alikuja mwanzoni mwa mwaka 1991 kutoka Bahi, kibarua wa kubeba matofali ya nyumba hiyo hiyo ya wanyama. Siku sungura wa kwanza walipofika kwa treni, sanduku moja lilipasuka uani, na wataalamu wenye shahada zao wakawa wanakimbizana na sungura kumi na mmoja kwenye mchanga wa ujenzi. Kijana wa Bahi aliweka ndoo chini, akawaomba waheshimiwa wasimame walipo, akawakamata wote mmoja mmoja kabla ya chai ya saa nne. Tarehe 2 Aprili akaandikishwa kazi. Yeye husimulia kwamba sungura wa kumi na mmoja alijileta mwenyewe mkononi, lakini katika habari za wanyama Mzee Ndahani huwa anajisifu kidogo.

Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Mwaka 1997 kituo kilimpeleka Morogoro kusomea utunzaji wa wanyama wa maabara, akarudi na cheti na tai nyekundu. Cheti kipo ukutani. Tai hatujaiona tena. Akapanda kutoka mhudumu hadi mhudumu mkuu, kisha msimamizi wa nyumba nzima yenye panya weupe wapatao mia tisa, sungura na simbilisi.

Kwa mgeni atakayeshika karatasi hii siku ya sherehe, nieleze kazi yetu kwa ufupi. Tunatafuta dawa za saratani. Kabla dawa haijamgusa mgonjwa, tunaijaribu kwa panya wenye uvimbe, na tunajiuliza maswali mawili: je, uvimbe unapungua, na je, dawa yenyewe inamdhuru vipi anayepewa? Swali la kwanza ndilo linalopigiwa makofi. La pili halina makofi, nalo ndilo Mzee Ndahani amelibeba mgongoni miaka yote hii.

Namna yake ya kulibeba ilikuwa hivi. Kila siku saa kumi na mbili na robo asubuhi aliingia bila kuwasha taa kubwa, akasalimia "Mbukwenyi" kwa lugha ya kwao, kama mtu anayeingia kwenye boma la watu wenye heshima zao, kisha akaketi kwenye kigoda dakika kumi bila kugusa kizimba hata kimoja. Panya ni watu wa zamu ya usiku, na saa hiyo ndipo wanapopata tonge la mwisho kabla ya kulala. Baba yake, mfugaji wa Bahi, alimfundisha kwamba ng'ombe mgonjwa hujulikana anapoinuka alfajiri, kabla hajakuona, maana akishakuona atajikaza. Panya naye hujikaza, Mzee Ndahani alisema. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walimcheka siku ya kwanza. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wanagombea kigoda.

Hakuwa na woga wa cheo. Mgeni mmoja mkubwa kutoka wizarani alifika amejipulizia marashi yanayosikika tangu getini, na marashi huwavuruga panya. Mzee Ndahani alimzuia mlangoni, akampa kipande cha sabuni na kumwonyesha bomba. Sisi tuliosimama nyuma tulitamani ardhi ipasuke. Mgeni akanawa, akaingia, akatoka amefurahi kuliko alivyokuja. Kwa majirani zake wa Chang'ombe alikuwa na tatizo jingine: walidhani anayekaa na panya mia tisa lazima ajue dawa ya kuwafukuza, wakawa wanambishia hodi. Aliwajibu kwamba wamuulize paka, yeye alisomea kuwanenepesha.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kila mtu hapa anakijua nusu.

Mwaka 2016 tulikuwa tunajaribu dawa tuliyoiita K-14 kwa panya majike wenye uvimbe wa matiti. Mtafiti mkuu nilikuwa mimi. Kufikia wiki ya tano uvimbe ulikuwa umepungua zaidi ya nusu, na kila Jumatatu tulipowapima panya, uzito wao ulikuwa pale pale. Katika kazi yetu, panya anayeumizwa na dawa hukonda. Asipokonda, tunahesabu kwamba dawa imemkubali. Nikaandika ripoti. Nikashona na kitenge cha kwendea mkutano wa Arusha. Hatua iliyofuata ilikuwa kuomba kibali cha kuwapa wanawake wagonjwa dawa hiyo kwa kiwango cha nguvu ile ile.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba tangu wiki ya tatu Mzee Ndahani, katika dakika zake kumi, alikuwa ameona jambo. Chakula cha panya wetu hukaa kwenye kikapu cha waya juu ya kizimba, na panya husimama kwa miguu ya nyuma ili akifikie. Wale wa K-14 walikuwa wanajaribu kusimama, wanateleza, wanajaribu tena, kisha wanaacha. Sasa mwambie mtoto wa mfugaji akae akimtazama mnyama anakosa kula na chakula kipo! Kwao Bahi ng'ombe akishindwa kwenda malishoni, majani hukatwa yakaletwa mbele ya pua yake, wala hakuna anayeandika popote. Basi kila asubuhi aliteremsha vipande vya chakula, akaviweka chini juu ya maranda, karibu na midomo yao. Wakala. Hawakukonda. Nami nikachora grafu.

Haikuwa hila. Alidhani wanadhoofishwa na uvimbe wenyewe, na kanuni ya kituo inataka mnyama dhaifu asaidiwe. Hakuna aliyekuwa amemweleza, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba uzito ndio shahidi wetu. Nimelifikiria sana kosa lile. Mvivu asingelifanya, mkatili asingelifanya. Lilihitaji mtu mwenye huruma ambaye mikono yake haijui kukaa.

Alhamisi moja nilifanya mazoezi ya hotuba yangu ukumbini, mbele ya wafanyakazi wote. Nilionyesha grafu ya uzito, nikatangaza kwa madaha kwamba hakuna panya hata mmoja aliyekonda. Mzee Ndahani alikuwa ameketi mstari wa nyuma na wahudumu wenzake. Hapo ndipo alipoelewa uzito ule ulikuwa unatumika kusema nini. Akaelewa pia kwamba kama uvimbe unapungua na panya bado wanateleza, basi kinachowatia ganzi miguuni ni dawa, na ganzi hiyo, ikipita bila kuonekana kwa panya, ingekwenda kuonekana kwa wanawake.

Fikirini hali yake. Hakuna aliyekuwa amemwona. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, bintiye Anna yuko mwaka wa pili chuoni, na kazi hii ndiyo pekee aliyoijua tangu ujana. Angenyamaza, grafu ingekwenda Arusha na jina lake lisingetajwa kokote. Akisema, huenda angefukuzwa. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa mkurugenzi wa wakati huo, Dk. Iddy Mrisho, kofia mkononi. Dk. Mrisho ametusimulia mara nyingi maneno aliyoyasikia, nami nayaandika kama yalivyo: "Mkurugenzi, ule uzito si wa dawa. Ni wa mkono wangu."

Ripoti ikafutwa. Mkutano ukapita bila sisi, kitenge kikabaki kabatini. Mzee Ndahani akapewa barua ya onyo, na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, aliipokea, akasaini, akarudi kwa wanyama wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa karibu kuwafichia watu wengine maradhi bila kujua. Jaribio likaanza upya.

Katika jaribio la pili, kipimo kilichotuokoa kilitoka kwake. Alipendekeza chakula kiwekwe mahali patatu katika kila kizimba: chini, katikati na juu. Kisha kila asubuhi iandikwe panya gani amekula wapi. Mwenye miguu mizima hula popote apendapo. Anayeanza kupata ganzi huacha pa juu kwanza. Hakukuwa na mashine ya kuagiza ng'ambo, na hakuna mnyama aliyeshinda na njaa ili sisi tupate jibu. Tuliiita Ngazi ya Ndahani, na leo hakuna jaribio la dawa linaloanza hapa bila hiyo.

Ngazi ile ilituonyesha ganzi siku ya kumi tu, huku mzani ukiwa haujasema lolote. Tukapunguza dawa na kuweka siku za kupumzika katikati. Uvimbe ulipungua polepole zaidi, lakini ulipungua. Tulibadilisha kiwango mara tatu. Siku aliyoniletea daftari la wiki ya nane ya kiwango cha mwisho, panya wote ishirini na wanne walikuwa wamekula kwenye kikapu cha juu. Wote! Tulipiga vigelegele hadi walinzi wakaja mbio. Tulipigia ofisini, bila shaka, maana kwenye nyumba ya wanyama asingeturuhusu.

Mwaka 2022, baada ya vibali vyote, wanawake thelathini waliojitolea walianza kupewa K-14 kwa kiwango kile. Safari ya dawa bado ni ndefu, ila taarifa ya mwaka jana imetufurahisha: kwa wengi wao uvimbe umepungua, na hakuna hata mmoja aliyepoteza nguvu za miguu. Mmoja wao, Mama Emiliana, mkulima wa mpunga ambaye ameturuhusu tumtaje, alikuja Machi mwaka huu kumwona yule mzee wa panya. Alishuka kwenye bodaboda getini akatembea hadi kwetu. Mzee Ndahani alimtazama miguu tangu getini mpaka kibarazani, kama anavyowatazama wanyama wake, akamkaribisha, akamletea kiti. Kisha akaenda nyuma ya jengo akakaa huko kwa muda. Tulimwacha.

Lipo jambo moja ambalo halimo kwenye faili lake, na nikiliacha nitakuwa nimeandika uongo. Ijumaa ile ya 2016, nikiwa nimeshaambiwa alichokiri, nilimkuta kwenye korido akitoka kwa mkurugenzi. Mbele ya wafanyakazi wasiopungua kumi nilimwambia kwamba mtu wa darasa la saba angebaki na ng'ombe wa baba yake, asisogezwe karibu na sayansi. Ananizidi miaka kumi na mitano. Na mimi, niliyelelewa Bukoba na mama asiyevumilia utovu wa adabu, niliacha kumwamkia kwa miezi minne mizima. Kila asubuhi yeye ndiye aliyeanza, habari za asubuhi, Daktari, akanikabidhi daftari, akaenda zake. Nilipoanza tena kumwamkia nilijifanya kama hakuna kilichotokea, naye akaitikia marahaba kama zamani. Radhi sikuwahi kuomba.

Neno lile nililitoa hadharani, basi nalifuta hadharani, kwa maandishi, mbele ya walewale waliolisikia na wengine mia mbili. Mzee wangu, nilikukosea. Ungenyamaza siku ile, mimi ningepigiwa makofi Arusha, na wanawake thelathini wangeyalipia makofi yangu kwa miguu yao. Mwanasayansi kwenye korido ile alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshika kofia mkononi.

Kituo kizima kinakushukuru kwa kila alfajiri uliyotutangulia. Nenda Bahi ukalime, mvua ikukubalie, mpunga uzae hadi ukose magunia. Dorkasi wako, aliyekuvumilia miaka yote ukirudi na harufu ya maranda, sasa akupate mzima mzima. Uwe na afya, uwe na amani, uwaone wajukuu wakikua.

Na Jumatatu, utakapopita kwenye korido kurudisha ufunguo, utanikuta nimesimama mahali pale pale. Nitapiga goti kama tunavyofanya kwetu, mbele ya watakaokuwepo, na nitaanza mimi: shikamoo, Mzee Ndahani.