Kilemba Cheupe cha Wakili Balbir Singh

Tarehe 30 Juni 1959, Wakili Balbir Singh atastaafu baada ya kusimama katika mahakama za Arusha kwa miaka ishirini na tisa. Wengi wetu hapa ofisini tulimkuta akiwa wakili tayari. Yafaa basi vijana wajue kwamba kabla ya hapo ilikuwapo miaka mitatu ambayo sheria alikuwa nayo kichwani, lakini ruhusa ya kuisema hakuwa nayo.

Alifika mwaka 1927 na shahada ya sheria kutoka Lahore. Hapa inabidi nieleze kidogo. Shahada huonyesha kwamba mtu amesoma. Leseni humruhusu kusema mahakamani kwa niaba ya mwingine. Ilimpasa shahada yake ihakikiwe kule ilikotoka, kisha afanye mtihani wa sheria za Tanganyika, na mwisho jina lake litangazwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wakati huo aliuza misumari na mabati katika duka la Bwana Badrudin, na sheria za nchi hii alizisoma akiwa ameketi juu ya magunia ya saruji.

Shida ilimfuata huko huko dukani. Mfereji wa Meitamei, mkulima wa Olasiti, ulikuwa umezibwa na mlowezi mwenye shamba la kahawa upande wa juu, na migomba ilikuwa ikikauka. Mawakili wawili waliokuwapo mjini walikuwa wakiwatumikia walowezi. Meitamei akasikia kwamba yuko Kalasinga aliyesomea sheria, akamwendea. Bwana Balbir akamjibu kwamba hana leseni. Meitamei akarudi na beberu wa kumlipa, beberu akarudishwa. Mara ya tatu akawatangazia wateja wote kwamba huyu ni ndama aliyefungwa miiba mdomoni: ziwa la mama analiona, kunyonya hawezi. Duka zima likacheka. Mama Jaswinder, mkewe, anasema siku ile mumewe hakugusa chakula, maana alikwisha kwenda kuuona ule mfereji, na alijua kwamba shauri lile lingeshinda.

Jina lake lilipotangazwa mwaka 1930, mtu mmoja alipeleka pingamizi: eti Balbir amekuwa akifanya uwakili kwa siri pale dukani. Kama lingeaminiwa, leseni asingeipata kamwe. Na mtu atathibitishaje jambo ambalo hakulifanya?

Habari zikafika sokoni, na Meitamei akazisikia. Alikuja na fimbo yake, akifoka tangu barabarani: "Kumbe wengine uliwasaidia! Mimi peke yangu ndiye uliyeninyima! Nilikukosea nini, wewe Kalasinga?"

Bwana Badrudin hakumtuliza hata kidogo. Alimshika mkono, akampeleka kwa hakimu na hasira zake zile zile. Meitamei akaapa, akalalamika yote: mfereji, beberu, ndama. Maneno yake yakaandikwa na kupelekwa Dar es Salaam. Inasemekana jaji alisema hajapata kuona mwombaji akisifiwa vizuri namna ile na mtu anayemtukana. Pingamizi likatupwa.

Bwana Balbir aliporudi na leseni, hakupitia nyumbani. Kilemba cha bluu cha dukani alikuwa amekiacha, amefunga cheupe cha mahakamani. Alikwenda moja kwa moja Olasiti, akasema: "Haya, Meitamei. Sasa sema." Shauri la mfereji likawa la kwanza kwake, akalishinda, na maji yale yanapita hadi leo.

Tangu hapo watu wengi wakaamini kwamba kilemba cheupe ndiyo leseni yenyewe. Alipokuja wakili kijana wa Kiingereza, kichwa wazi, Bibi Sinyati wa Ngarenaro alimwonea huruma, akatuuliza kama mtihani umemshinda.

Ofisi hii imejengwa juu ya subira ile. Kila karani aliyepita mikononi mwake alifundishwa kujiuliza kwanza, kabla ya kugusa kalamu, kama anayo ruhusa. Tunajivunia kuwa wanafunzi wake.

Kuanzia tarehe mosi Julai, akiulizwa jambo la sheria, Bwana Balbir atajibu kama alivyojibu zamani, kwamba hana leseni. Mzee Meitamei amekwisha kuahidi kuhudhuria sherehe, aulize habari za mpaka wa shamba lake, anyimwe jibu, na akasirike mbele yetu sote.

Asante, Bwana Balbir. Wewe na Mama Jaswinder mpumzike kwa afya na furaha, na mlango huu mtaukuta wazi daima.