Ngwe Iliyochipua

Sogeeni, wanangu, kaeni karibu na kitanda, na mwenye kikohozi akakohoe nje, maana sauti niliyobakiwa nayo haiwezi kushindana na mtu. Scolastica, mfukuze huyo kuku. Wewe Evaristo, zunguka kwanza nyuma ya nyumba utazame kama kuna sikio ukutani, kisha ukae hapo mbele nikuone mikono. Usinune, nimeishi miaka mingi bila kumwamini mtu, na leo mtajua nilijifunzia wapi.

Kabla ya vita vya Majimaji, Mjerumani alipotulimisha pamba katika shamba la jumbe, baba yenu Fridolin na jirani yetu Hilari walianzisha chama cha watu wa jembe, wakakiita Chungu Kimoja. Hakikuwa na mkubwa. Aliyechapwa viboko, wenzake walimlimia ngwe yake, na uji wa wote ulipikwa katika chungu kile pale pembeni, mpishi nikiwa mimi. Baba yenu alikuwa akisema siku moja shamba litakuwa la anayelilima, na wenzake wakimtania: aanze na mkewe, amwambie awagawie nyama sawa na yake.

Mwaka ule tukakubaliana pamba isiote. Mbegu za akida, msimamizi wa Mjerumani, zichemshwe, tupande zilizokufa, naye aambiwe udongo wa bonde hili unakataa pamba. Nilizichemsha mimi, katika chungu kile kile. Lakini nilikuwa na mimba yako, Evaristo, nikawaza: wenzangu wakibakiza mbichi wakazipanda kwa siri, ngwe yetu peke yake itabaki tupu, na kiboko kitanikuta na tumbo. Basi za kwetu sikuzichemsha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Asubuhi moja nikakuta ngwe yetu imechipua kijani, za wengine zote tupu, na akida anakuja na askari wake. Kung'oa miche yote nisingewahi. Nikang'oa vigingi viwili tu vya kuonyesha mwenye ngwe, chetu chenye chale mbili na cha Hilari wa ngwe ya pembeni chenye chale moja, nikavibadilisha.

Akida akafukua mbegu katika ngwe tupu, akaziminya, zikapondeka kama maharage yaliyoiva. Watu wakalazwa chini, viboko ishirini na tano kila mmoja, baba yenu wa kwanza. Hilari, mwenye kigingi penye kijani, akatunukiwa chumvi mbele ya waliochapwa, na chumvi ile ndiyo iliyommaliza machoni pa wenzake. Aliapa, hakusikilizwa. Mwisho akamgeukia baba yenu, akasema taratibu, "Fridolin, mbegu zangu nilizipokea mkononi mwa mkeo. Muulize."

Baba yenu akanitazama. Mimi nikakoroga uji.

Hakuniuliza, hata alipokuwa anakata roho; ila tangu siku ile hakula chakula changu mpaka nikionje mbele yake. Wengine nao wakaanza kuja na vibuyu vyao, kila mtu na chake, na vita vilipotufikia chama kilikuwa kimekufa, hapakuwa na wawili wa kukimbilia njia moja. Hilari alihamia Kisawasawa. Shamba lake la mpunga la Mlabani tukalitwaa, tukiliita mali ya msaliti. Ndilo unalolilima, Evaristo.

Sasa shikeni haya. Shamba hilo mrudishieni Verediana, binti wa Hilari, lote, na mwambieni kwa nini. Scolastica, vigingi uvipigilie wewe. Kaka yako asiviguse, maana ni mwanangu na damu yangu naijua. Mitumbwi miwili ni yake. Chungu kisivunjwe... chukua wewe, Scolastica. Nipeni maji. Hapana, onja kwanza. Basi... Mungu awape usingizi, mlale bila kusikiliza ukuta. Evaristo... mikono... iweke hapa, niishike.

Mama alipozikwa, Evaristo alirithi mitumbwi, Scolastica akarithi chungu, na Verediana akapata shamba la baba yake. Alipoleta mchele wa mavuno ya kwanza, Scolastica aliupika katika chungu kile, wakakaa watatu kuzunguka sinia moja. Na Evaristo hakutia mkono mpaka alipomwona Verediana amemeza.