Bwana Pennifold na Hati Aliyoisoma Hadi Mwisho

Baada ya miaka arobaini na mmoja katika ofisi yetu ya mawakili hapa Bristol, karani mkuu, Bwana Obadiah Pennifold, anastaafu leo, tarehe 29 Septemba 1787.

Alianza akiwa mnakili, akapandishwa cheo kwa mwandiko wake mzuri na ukaidi wake. Ndiye aliyeweka sheria kwamba hati haitiwi saini kabla ya kusomwa yote kwa sauti, bila kuruka hata jina. Sheria hiyo imetutesa. Mwaka 1769 alisoma mkataba wa ndoa kwa saa tatu. Bwana harusi akasinzia, bibi harusi akapata muda wa kufikiri, akaghairi. Mpaka leo mama huyo humletea bata bukini kila Krismasi.

Jumatatu, kwenye karamu ya kumuaga, wakuu walimwandalia zawadi: pauni thelathini kila mwaka, maisha yake yote, kutoka shamba la miwa la Jamaika. Ofisi yetu ina hisa huko, sawa na daktari wa mtaa na mchungaji wetu. Sote ni watu wa heshima, na hakuna aliyewahi kufika. Bwana Pennifold hana akiba na paa lake linavuja, kwa hiyo tulijua atasaini upesi.

Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti hati ya zawadi hiyo, iliyoorodhesha mali yote ya shamba. Ardhi ilipita salama, na kinu pia. Kisha yakaja majina ya watumwa. Phibba, mpishi. Cuffee, fundi mapipa. Juba, miaka sita. Yalikuwa themanini na saba.

"Mzee, ruka hapo, nyama inapoa," alisema Wakili Thackwell, mkuu wa ofisi.

"Sheria ni sheria, bwana," akajibu, akaendelea. Alipomaliza aliweka kalamu chini. "Na hawa, wao wanastaafu lini?"

"Usituharibie shughuli, Pennifold. Usiposaini utakula nini?"

"Bata bukini, bwana. Mara moja kwa mwaka."

Tulicheka, lakini hakusaini. Mimi, karani mwenzake, nilisaini hati kama hiyo ya shamba hilohilo mwaka juzi bila kuisoma. Jana niliitoa nikajaribu kuisoma kwa sauti, nikafika kwa Juba nikashindwa. Naona aibu kuandika haya, lakini yeye ndiye aliyetufundisha kutoruka.

Asante, Mzee, kwa miaka yote uliyotuchosha. Makarani tulitaka kukutengenezea paa kwa pesa isiyotoka kwenye miwa. Tumeitafuta pesa hiyo katika ofisi nzima siku nne, tukapata ya kutosha kununua vigae kumi na viwili tu. Tunakutakia maisha mema chini ya vigae hivyo.