Aliyetanguliza Sauti

Mjomba wetu, tuliyemwita Bwana Foleni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba iliyopakana na njia ya reli, kitinda mimba wa fundi saa na mshonaji. Utotoni alikaa dirishani akitazama mabehewa yakipishana, hadi mlio wao umbembeleze alale. Dada zake wanasema hata kwenye sahani alimpisha mwenye njaa zaidi. Sisi wapwa hatukurithi hilo.

Baada ya sekondari alisomea ufundi wa simu, kisha kompyuta, na mwaka 1994 akaajiriwa hospitalini. Chumba chake cha mitambo kilikuwa cha baridi, chenye taa ndogo za kijani zilizopepesa kama mji unaoonwa kutoka mbali. Miaka ya baadaye, mtandao ulipokuja kujaa, vyote vilivyopita humo vilikwama pamoja, vya maana na vya upuuzi. Akavipanga: sauti za simu za wodini zitangulie, zifuate picha za eksirei, kisha barua pepe, video zingoje.

Mkurugenzi akafoka: "Mpira wangu umeganda!"

"Samahani mkuu, kuna mgonjwa anaongea na mama yake. Timu yako itafungwa tu, hata ukichelewa kuona."

Mwaka 1996 alimwoa muuguzi wa wodi ya watoto. Kwenye karamu alisimamia foleni mwenyewe: wenye vichanga mbele, bwana harusi mwisho. Aliambulia ukoko.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mwezi huu akalazwa katika hospitali ileile. Binti yake wa pekee, anayefanya kazi ng'ambo, alikosa ndege. Tuliogopa jambo moja tu: baba ataondoka hawajaagana. Tarehe 14 Juni, saa za kuona wagonjwa, binti alipiga kwa video. Wodi nzima ilikuwa ikirusha picha, mtandao umejaa. Uso wa binti ukaganda kwenye skrini, mdomo wazi.

"Imekatika!" mkewe akalia.

Marehemu akainua kidole. "Tulia, mama. Sauti iko mbele."

Ikaja, safi kama maji: "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Ongea tu."

Binti akaongea, naye akasinzia taratibu, kama yule mtoto wa dirishani. Hakuamka tena.

Ameacha mjane, binti, dada watatu na wapwa kibao, akiwemo huyu anayesoma, ambaye diploma yake, kwa maneno ya marehemu, "bado inapakuliwa."

Apumzike kwa amani. Maisha yake yote aliwapisha wengine. Leo, jamani, tumpishe.